Kioo na Mkono Uliokipuliza

Anayeingia Ngome ya Mombasa haambiwi mara nyingi kwamba anaingia ndani ya kazi ya Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu wa Ulaya. Anaambiwa habari za Wareno na mizinga, na za Waomani walioizingira tangu 1696 hadi wakaichukua mwaka 1698, waliomo ndani wakiwa wamekwisha kwa njaa na maradhi. Lakini mchoro wa Ngome ulitoka mkononi mwa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno upande huu wa Bahari ya Hindi. Ujenzi ulioanza 1593 ulifuata fikra iliyokuwa imeenea Italia wakati ule, kwamba jengo zuri lifuate vipimo vya mwili wa binadamu. Ukiitazama kutoka juu, Ngome ina kichwa, ina mikono, ina miguu. UNESCO ilipoitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, jambo hilo lilitajwa.

Jina la Cairati limehifadhiwa. Majina ya waashi waliochonga matumbawe, wakachoma chokaa na kuzisimamisha kuta zile, hayakuandikwa. Na kuna mafundi wengine wa zama zilezile ambao kazi yao ilifika pwani hii, nao hata hatujafikiria kuwaulizia: mafundi wa vioo. Miaka ileile Ngome inajengwa, katika kisiwa cha Murano kando ya Venice, palikuwa na watu wanaopuliza bilauri nyembamba hata mnywaji akiogopa kuibana kwa vidole. Mawe ya Renesansi yamesimama mbele ya macho yetu kwa zaidi ya miaka 400. Vioo vyake, na vya ndugu zake wa Shamu na Uajemi, tumebakiwa navyo vipande vipande, na ninaamini vipande hivyo vinastahili kutazamwa kwa makini kama tunavyoutazama ukuta.

Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuichimbua Ngome mwaka 1958, vioo na shanga vilitoka ardhini pamoja na vigae vya China na vya Uajemi. Jumba la makumbusho likafunguliwa humo 1960. Lakini mtu wa Mji wa Kale hahitaji elimu ya mambo ya kale kukutana na vitu hivi. Msingi ukichimbwa, kisima cha zamani kikisafishwa, mvua za masika zikiosha ukingo karibu na bandari ya kale, kuna kitakachotokea. (Anayekiokota akipeleke Ngomeni. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inataka hivyo, na ni haki, kwa sababu kipande kilichong'olewa mahali pake kimeshapoteza nusu ya maneno yake.)

Chukua kipande cha shingo ya chupa, urefu wake kidole kimoja. Kwanza utaona rangi zinazocheza, zambarau na kijani na dhahabu, ukadhani ni urembo wa fundi. Si yeye. Ni chumvi na unyevu wa udongo wetu vilivyokula kioo tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka jembamba lililojitenga linavunja mwanga kwa namna yake. Ukikwaruza kwa ukucha, ngozi ile inabanduka. Chini yake ndiyo rangi ya kweli, kijani kilichofifia, inayotokana na chuma kilichomo katika mchanga. Sasa kiinue juani utazame ndani. Kuna vitone vya hewa. Vya sehemu ya tumbo ni vya mviringo; vya shingoni vimerefuka, vyote vimeelekea upande mmoja. Vitone hivyo vinakuonyesha mwendo wa mkono: hapa fundi alipuliza, hapa akavuta. Kitendo kilichochukua muda wa pumzi moja, miaka 300 au 400 iliyopita, kimeganda humo.

Sisi tumefundishwa kioo kama bidhaa. Shuleni tulisoma kwamba wageni walileta shanga, vitambaa na vyombo vya vioo, wakaondoka na pembe za ndovu, dhahabu na watu. Ni kweli, na uchungu wake haujaisha. Lakini somo likiishia hapo linatufundisha kuangalia kitu kwa macho ya mfanyabiashara peke yake: kimetoka wapi, kimeuzwa kwa nini. Linatuachia pengo kubwa katikati, nalo ni swali ambalo mtoto wa fundi huliuliza kabla ya yote. Kimetengenezwaje?

Kile cha Murano kiliundwa hivi. Mwaka 1291 wakuu wa Venice waliamuru tanuu za vioo zihamishwe kutoka mjini hadi Murano, kwa kuhofia moto, maana mji wao ulijaa nyumba za mbao. Kisiwa kimoja kikawa na ufundi mmoja, baba akamrithisha mwana. Mafundi walikatazwa kutoka na ujuzi wao kuupeleka nchi nyingine, ingawa wengi walitoroka, na vioo vya mtindo wa Venice vikaanza kutengenezwa Antwerp na London. Katikati ya karne ya 15, fundi Angelo Barovier, au karakana yake, alifanikiwa kupata kitu kilichotafutwa kwa muda mrefu: kioo kisicho na rangi, safi kama jiwe la bilauri lichimbwalo mlimani. Wenyewe walikiita cristallo.

Usafi ule ulitafutwa kwa subira ya ajabu. Mchanga wa kawaida haukufaa kwa sababu una chuma. Waliokota kokoto nyeupe mtoni, hasa Mto Ticino, wakazichoma hadi zikawa nyekundu, wakazitumbukiza katika maji ya baridi zikapasuka, kisha wakazisaga na kuzichunga mpaka zikawa unga. Unga huo pekee hauyeyuki kwa moto wa kuni. Unahitaji kitu cha kuulainisha, nacho kilikuwa majivu ya mimea ya pwani, ile yenye majani manene yaliyojaa chumvi, iliyochomwa Shamu na Misri na kusafirishwa kwa majahazi hadi Venice. Hapo ndipo ilipokuwa siri yao. Majivu hayakutiwa hivihivi. Yalichemshwa katika maji, yakatulizwa, yakachujwa, maji yakakaushwa tena juu ya moto, na chumvi nyeupe iliyobaki ndiyo iliyochanganywa na unga wa kokoto. Antonio Neri, kasisi wa Firenze aliyechapisha kitabu cha ufundi wa vioo mwaka 1612, anaieleza kazi hii hatua kwa hatua, na ukimsoma unaona jinsi anavyohimiza msomaji asikate tamaa: chuja tena, chemsha tena.

Mchanganyiko ulichomwa kwanza kwa saa kadhaa huku ukikorogwa kwa reki ndefu ya chuma ili usigande, ukaiva ukawa kitu cheupe chenye chembechembe. Ndipo ukatiwa katika vyungu vya udongo ndani ya tanuu kubwa, joto likapita nyuzi 1,000, na hakuna aliyekuwa na chombo cha kulipima. Walilisoma kwa rangi ya moto. Waliongeza manganizi kidogo ili kuiua ile rangi ya kijani. Ikizidi, kioo kinageuka zambarau. Kioo kilichoyeyuka kilienguliwa povu, kikamwagwa katika maji, kikayeyushwa upya. Kwa watu wa Mombasa kuna kitu kimoja kinachokaribia hali yake kinapokuwa tayari, nacho ni halua inapokaribia kuepuliwa: inang'aa, nzito, inafuata mwiko na haitaki kuuachia.

Fundi anatumbukiza bomba la chuma, analizungusha, anatoka na donge linalowaka. Tangu sasa hapaswi kuacha kuzungusha. Akisita, donge linaanguka upande mmoja. Analiviringisha juu ya bamba la chuma ili lipate umbo na ngozi, anapuliza, anarudisha motoni, anapuliza tena. Anakaa kwenye benchi lenye mikono miwili, bomba limelazwa juu ya mikono hiyo, mkono wa kushoto unaviringisha na wa kulia umeshika koleo lenye miguu mirefu unabana shingo. Kisha mtoto wa kazi analeta fimbo nyingine yenye tone la kioo cha moto, wanaigandisha kwenye kitako cha chombo, bomba la kwanza linagongwa linaachia, na mdomo ulio wazi sasa unaweza kupanuliwa na kulainishwa. Mwisho fimbo inavunjwa na kuacha kovu chini. Hakuna anayefanya haya peke yake. Kila kundi lilikuwa na fundi mkuu, msaidizi wake, na vijana waliojua kwa kutazama, bila kuambiwa, wakati gani wafungue mlango wa tanuu na wakati gani walete fimbo. Baada ya hapo chombo kilipelekwa penye joto la chini kikapoa polepole, maana kikipoa ghafla kinapasuka chenyewe.

Kwa hiyo chombo kimoja cha mezani ni kokoto za Italia, majivu ya Shamu, kuni za milimani, na mapafu na mikono ya watu wanne au watano waliokubaliana kwa muda wa dakika chache. Nikifikiria hivyo, neno bidhaa linaniwia dogo.

Kuna aina moja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ile ya nyuzi. Mwaka 1527 ndugu wawili wa Murano, Filippo na Bernardo Serena, waliomba na wakapewa haki ya kuwa wao pekee wa kuitengeneza. Walichukua donge la kioo cheupe kama maziwa, ambacho weupe wake ulitoka kwa bati na risasi, wakalifunika kwa kioo safi. Watu wawili wakalishika huku na huku, wakatembea kurudi nyuma, mmoja kulia na mwingine kushoto. Donge likavutika likawa ufito mrefu, mwembamba, una mstari mweupe katikati kutoka mwanzo hadi mwisho. Ufito ukakatwa vipande vya urefu sawa, vikapangwa sambamba, vikapashwa moto, vikakusanywa kuzunguka mdomo wa bomba na kupulizwa. Fundi akizungusha ncha moja huku nyingine imeshikwa, mistari inajisokota. Kazi ya juu kabisa ilikuwa kupuliza mapovu mawili, moja limesokotwa kulia na jingine kushoto, kisha kuliingiza moja ndani ya jingine. Mistari ikapishana ikawa wavu, na ndani ya kila jicho la wavu kikabaki kitone kimoja cha hewa, vyote vya ukubwa mmoja, vimejipanga. Siujui ustadi mwingine wa mikono unaohitaji uangalifu zaidi ya huo.

Lakini nisiwape Wavenisi zaidi ya haki yao. Kioo cha kupuliza kilianza Shamu, karne nyingi kabla ya Murano, na taa za misikiti za zama za Wamamluki, zenye maandishi ya rangi na dhahabu yaliyochomwa juu ya kioo, zilikuwa kilele ambacho Ulaya ilikitazama kwa hamu. Mwaka 1277 Venice ilifanya mkataba na mtawala wa Antiokia na Tripoli ya Shamu, na mkataba huo ulitaja ushuru wa vioo vilivyovunjika vinavyopakiwa kwenda Venice. Vipande, mwaka 1277! Walijua kwamba kioo hakifi. Kinasubiri moto mwingine. Baadaye mambo yakageuka. Tanuu za Shamu ziliponyamaza, mwaka 1569 waziri mkuu wa Waosmani, Sokollu Mehmed Pasha, aliagiza taa 900 kutoka Murano, michoro ikapelekwa pamoja na agizo. Hapa kwetu, msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale unakadiriwa kujengwa 1570. Zama zilezile, taa za kuwaangazia Waislamu wa Istanbul zilikuwa zikipulizwa na Wakristo wa Murano kwa majivu yaliyotoka nchi za Waislamu.

Na ufundi ulisafiri upande wetu pia. Jean Chardin, Mfaransa aliyekaa Uajemi katika karne ya 17, aliandika kwamba mafundi wa Shirazi walifundishwa kazi ya vioo na Mwitaliano fukara aliyekubali ujira mdogo. Shirazi ndiko wengi wa pwani wanakohesabu asili yao, na ndiko kulikotoka marashi na vyombo vyake. Chupa za Uajemi za kunyunyizia maji ya waridi, za buluu na za kijani, zina tumbo la duara na shingo ndefu iliyopinda, na ni kazi ileile ya bomba na koleo niliyoieleza.

Hapo ndipo kioo hiki kinapoingia sebuleni. Mrashi umo katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, wa fedha au wa kioo, umewekwa mahali pa juu watoto wasiufikie. Unateremshwa siku ya harusi na siku ya maulidi. Mwenyeji anapita na mrashi, mgeni anakinga viganja, matone yanaruka kutoka tundu dogo la ncha, mgeni anapaka uso na nguo. Umbo la mrashi lina sababu yake. Tumbo ni pana ili ulale vyema kiganjani. Shingo ni ndefu na nyembamba ili maji ya thamani yasimwagike yote mara moja, na ili yatoke kwa kutikiswa, matone kwa matone. Fundi wa Uajemi alimjua mgeni wa Mombasa bila kumwona. Katika jumba la makumbusho la vioo la Murano kuna kikombe maarufu cha buluu, cha nusu ya pili ya karne ya 15, kinachohusishwa na ukoo wa Barovier, kimechorwa kwa rangi za kuchomwa sura za bwana na bibi harusi. Kumbe huko nako kioo bora kilihusiana na ndoa. Kitu kinachovunjika upesi kilikabidhiwa shughuli ambayo watu wanataka idumu.

Kwa nini basi sisi hatukutengeneza kioo? Swali hili nimeulizwa na vijana, na huulizwa kwa unyonge, kana kwamba jibu lake ni aibu. Waafrika wametengeneza kioo. Misri ilikijua tangu zama za Mafirauni, na Ile-Ife, Nigeria, mafundi waliyeyusha kioo chao wenyewe kwa mawe ya kwao karne nyingi kabla ya Mreno kuonekana. Hata hapa vitu vyote vilikuwapo. Kwale kuna mchanga mweupe unaofaa kwa vioo. Nyuma ya mikoko, Mtwapa na Port Reitz, kuna uwanda wa chumvi unaoota mimea ya majani manene, jamaa ya ile iliyochomwa Shamu. Na chokaa tulikuwa nayo kuliko hao Wavenisi. Watu wa pwani walikuwa mabingwa wa kuchoma matumbawe: walipanga magogo ya mikoko duara, wakarundika mawe juu yake, wakawasha, wakaiacha chokaa ilale hadi ikomae.

Na chokaa ndiyo iliyokosekana katika kioo kile safi cha Murano. Katika kuyachuja majivu, walitoa uchafu wote, na pamoja na uchafu wakaitoa chokaa bila kujua kwamba ndiyo inayokishika kioo kisiyeyuke kwa unyevu. Vyombo vingine vya zama zile leo vinalia: vinatoka jasho la chumvi juu yake, vinapata nyufa ndogondogo, vinapoteza nuru. Havifai kuwekwa mahali penye unyevu. Mombasa, ambako hata chumvi ya mezani inashikana chupani, bilauri ya namna hiyo isingekuwa na maisha marefu. Chupa duni ya kijani, iliyotengenezwa kwa majivu yasiyochujwa, ndiyo iliyostahimili udongo wetu hadi Kirkman akaikuta.

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni kwamba mji huu ulielekeza ustadi wake kwingine. Kila jahazi la kaskazi lilileta vioo tayari, kwa bei ambayo tanuu mpya isingeweza kushindana nayo. Fundi wa hapa akaweka akili yake katika kukipa kioo mahali. Majumba ya mawe ya Lamu na Pate yalijengwa kuta zenye vidaka safu kwa safu, vimepambwa kwa chokaa iliyochongwa, vya kuwekea sahani na vyombo vya kioo. Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inazikumbuka taa za kioo na za sufuri zilizoyaangaza majumba ya Pate. Mombasa nyumba nyingi zilizosimama leo ni za karne ya 19, zenye roshani za mbao na mkono wa Kihindi, na vidaka vimepungua. Lakini tabia imebaki. Ingia nyumba yoyote mtaa wa Kibokoni utaona kabati la vioo, na ndani yake vioo.

Tena wateja wa pwani na bara hawakuwa watu wa kupokea chochote kinachomeremeta. Wareno waligundua hilo mapema karne ya 16 huko Sofala. Walifika na shanga za Ulaya wakidhani zitanunuliwa, zikakataliwa. Watu walitaka shanga za India walizozizoea, zile za Kambei. Ikabidi Wareno waende India kununua shanga ili waweze kufanya biashara Afrika. Zaidi ya karne tatu baadaye, msafiri Mwingereza Richard Burton alipokuwa Zanzibar mwaka 1857, shanga za Venice zilikuwa zimetawala soko, lakini kwa masharti ya mnunuzi: alitaja aina zipatazo 400, kila nchi ya bara na rangi yake, na msafara uliobeba rangi iliyopitwa na wakati uliweza kufa njaa njiani huku mizigo imejaa. Msafiri Stanley mwaka 1871 alipakia magunia 22 ya shanga baada ya kuhangaika kujua watu wa kila mahali wanapenda zipi. Murano ilikuwa ikifuata macho ya wanawake wa Unyamwezi.

Shanga hizo zilitungwa na wanawake pia. Kule Venice walikaa nje ya milango yao na sinia ya mbao mapajani, wameshika sindano ndefu nyingi kwa pamoja zilizotandazwa kama kipepeo, wakizichota shanga ndogo na kuzivusha kwenye uzi, kwa ujira mdogo sana. Zikifika Zanzibar zilifunguliwa na kutungwa upya kwa kipimo cha huku, kete kumi zikawa fundo moja. Baadaye zilibebwa na wapagazi, na zilinunua pembe, na zilinunua watu. Sitaki uzuri wa kioo ufunike hilo. Shanga nyekundu yenye moyo mweupe iliyoko kwenye sanduku la makumbusho huenda iliwahi kuwa sehemu ya bei ya mtoto wa mtu. Na ilivutwa na wanaume wawili waliotembea kurudi nyuma, ikakatwa, ikatungwa na mwanamke aliyekuwa akilisha wanawe. Hayo yote yamo katika tone moja la kioo, nami naona ni wajibu kuyasema yote pamoja.

Leo Mombasa ina kiwanda cha vioo, Milly Glass Works, na mashine zake zinatoa chupa na bilauri kwa kalibu. Karibu na Nairobi, Kitengela, karakana iliyoanzishwa na Nani Croze na ambayo mwanawe Anselm aliiongezea tanuu ya kupulizia, inayeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na kuvipuliza kwa bomba, vijana wa Kenya wakizungusha donge kwenye benchi la aina ileile ya Murano. Mkataba wa 1277 unaendelea kwa namna nyingine: aokotaye chupa mitaani kwetu anauza malighafi.

Mirashi ya kioo inayouzwa madukani sasa mingi ni ya kalibu. Kuijua ni rahisi. Pitisha ukucha ubavuni, kutoka kitako hadi shingo. Ukikutana na mstari mwembamba ulioinuka, hapo ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kama mstari haupo, geuza chombo utazame chini. Ukiona kovu la duara, kali au lililosuguliwa, basi kilishikwa na fimbo, na mtu alikipuliza. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina chombo cha namna hiyo bila wenyewe kujua. Nimeviona vimewekwa pamoja na glasi za plastiki, na nimeona vikitupwa nyumba zinapouzwa na familia kuhamia Nyali.

Ningependa Ngome, ambayo tayari inalinda vipande hivyo, itenge meza moja pale watoto wa shule wanapopita. Juu yake ziwekwe bakuli tatu: mchanga wa Kwale, chokaa ya matumbawe, na majivu ya mimea ya nyuma ya mikoko. Kando yake bomba la chuma, koleo, na chombo kimoja kilichopulizwa kwa mkono ambacho mtoto ataruhusiwa kukigeuza. Fundi wa Kitengela aalikwe walau mara moja kwa mwaka, aje na tanuu ndogo ya gesi, apulize uwanjani mbele ya watu, na wazee wa Mji wa Kale waombwe waje na mirashi yao siku hiyo isomwe chini na ubavuni, iandikwe, kisha warudi nayo nyumbani.